Houston au Minneapolis kwa anayeanza na dola 3,000?

Mwana_Chuno:
Wakuu, habari za huko. Tupo Mtwara mjini. Mdogo wangu wa kiume amepata kadi ya kijani kwa bahati nasibu ya viza. Hana mke wala mtoto, hana leseni ya udereva, na hela ya korosho tuliyomchangia inafika dola 3,000. Ana wenyeji wawili kule Marekani, mmoja Houston, jimbo la Texas, mwingine Minneapolis, jimbo la Minnesota. Aende wapi? Na mama huku atampata hewani saa ngapi?

Bandarini:
Asiyeendesha gari aende Minneapolis. Houston imetandaa mno. Nauli ya basi ni dola 1.25, nafuu kweli, lakini maghala mengi yenye kazi yapo mbali na njia za mabasi, na zamu ya usiku ndiyo inayomkwamisha mtu. Minneapolis kuna treni ya Blue Line inayotoka uwanja wa ndege, inapita Cedar-Riverside penye Wasomali wengi, hadi katikati ya mji.

Mshahara nao: Texas inafuata kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani, dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Waajiri wengi Houston hulipa zaidi, ila sheria haiwalazimishi. Minneapolis ina kima chake, kinazidi dola 15. Piga hesabu: 15 kwa saa 40 kwa wiki ni dola 2,600 kwa mwezi kabla ya makato. Wenye nyumba wengi hutaka kipato mara tatu ya kodi ya nyumba, kwa hiyo ukomo wa kodi yake ya nyumba ni kama dola 860 kwa mwezi. Hapo ajiandae kuchangia nyumba na wenzake.

Ni kweli Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara. Kwa kipato hicho Minnesota itamkata chini ya dola 900 kwa mwaka. Gari litakula zaidi.

Fundi_Ligula:
Akienda Houston, aogope mkataba wa umeme. Si LUKU ile. Kampuni za kuuza umeme ni nyingi na kila moja ina bei yake. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya uniti 1,000 kamili kwa mwezi, kwa sababu katika mikataba mingi ukifika hapo unapewa punguzo. Ukitumia 990 punguzo linayeyuka na bili inapanda. Asome karatasi ya bei: inaonyesha uniti 500, 1,000 na 2,000. Achague ambayo bei zake tatu hazipishani sana. Asiye na historia ya mikopo hudaiwa dhamana kwanza.

Mafuriko pia. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha mitaa mingi. Kabla ya kusaini, aingize anwani ya nyumba kwenye ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi maji ya mafuriko.

Bi_Mikindani:
Joto la Houston mtu wa Mtwara atalizoea. Baridi ya Minneapolis ndiyo mtihani: usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 14 chini ya sifuri, na siku nyingine zaidi. Asinunue makoti huku, hayatamfaa. Anunue kule, nguo hazitozwi kodi ya mauzo Minnesota. Viatu viwe visivyopitisha maji, namba moja zaidi, soksi nene zipate nafasi. Aulize kama kupasha nyumba joto kumo ndani ya kodi ya nyumba. Sheria ya jimbo inataka nyuzi 20 ndani, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, pale mwenye nyumba anapodhibiti joto.

Jambo ninaloliwekea uzito ni matibabu. Texas haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hivyo kijana mzima asiye na mtoto wala ulemavu hapati hata akikosa kazi. Minnesota kuna MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo.

Mwana_Chuno:
Asanteni sana. Na saa je?

Bandarini:
Kote ni sawa: nyuma yetu saa 9 wakati wa baridi, saa 8 kiangazi. Akitoka kazini saa 11 jioni ya Januari, Mtwara ni saa 8 usiku, mama amelala. Apige akiamka saa 12 asubuhi, huku ni saa 9 alasiri.