Naomba ushauri: niihamishe moduli yangu ya kerneli kutoka C kwenda Rust?

Ndugu wataalamu, salamu kwenu. Ninatunza moduli ya kerneli ya Linux (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye kiini cha mfumo endeshi), niliyoiandika kwa lugha ya C, inayosoma vipimo vya joto kutoka kwenye kifaa cha USB. Mtu anapokichomoa kifaa wakati programu bado imefungua faili lake ndani ya /dev (folda ya faili zinazowakilisha vifaa), mashine huganda, kwa kuwa moduli huiachilia nafasi ya kumbukumbu ambayo programu ingali inaitumia. Nimelirekebisha mara mbili, na mara zote mbili kosa limerudi kwa njia nyingine.

Makosa ya aina hii ndiyo ambayo kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya lugha ya Rust huyakataa mapema, na kerneli yenyewe imeipokea lugha hiyo tangu toleo la 6.1 la Desemba 2022. Nimeanza kuandika upya, lakini funksheni kadhaa ninazozihitaji ni za C, hivyo nalazimika kuziita ndani ya vifungu vya unsafe, yaani sehemu zinazoruhusu mambo ambayo kompaila haiwezi kuyahakikisha, ambako dhamana ya usalama wa viashiria (anwani za kumbukumbu) inabaki mikononi mwangu. Tayari vifungu hivyo ni 14 katika mistari isiyofika 300, jambo linaloninyima amani.

Je, nivikusanye vyote kwenye faili moja dogo ninaloweza kulikagua mstari kwa mstari, au nirudi kwanza kuitengeneza C? Na violesura vya Rust (njia ambazo moduli huitumia kerneli) vinapobadilika kati ya toleo moja la kerneli na jingine, ninyi hufanyaje? Aliyekwisha kuiendesha moduli ya namna hii kwenye mashine za kazi, tafadhali anieleze alikwama wapi.