Mnaouza karatasi za "Usiseme explain", mnawaharibia watu usaili

Wakuu,

Kuna karatasi ya fotokopi inazunguka Dar, kwenye vibanda vya stesheneri na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanaotafuta ajira. Juu imeandikwa usiseme "explain". Chini vimepangwa "elaborate", "expound", "elucidate", "explicate", "expatiate", na mbele ya kila kimoja neno lile lile: kufafanua. Basi! Hakuna sentensi hata moja, wala haisemi kitenzi kinafuatwa na nini. Mtu anaikariri, anaingia kwenye usaili na "Let me expatiate you my experience", halafu anachekwa yeye badala ya kuchekwa aliyemuuzia.

Na kabla ya hayo madude, "explain" yenyewe haijakaa sawa vichwani. Kiswahili tunasema "nieleze", "nifafanulie". Mtu amekaa ndani ya kitenzi, ile "ni-". Ndiyo maana tunatoka na "explain me". Kiingereza hakikubali. Kinachoelezwa ndicho kinachokaa jirani na kitenzi, anayeelezwa anakuja na "to": "explain the delay to me". Jambo likiwa refu mtu anaweza kutangulia, lakini "to" haimwachi: "explain to me why the container is still at the port". Kinachovuruga watu ni kwamba "tell me", "show me" na "teach me" zinaruhusiwa. Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa. Kila kitenzi kinafundishwa pamoja na mkia wake. Tena vipo vya kufafanua vinavyomchukua mtu moja kwa moja, "brief me" na "walk me through", na ndivyo vinavyotumika maofisini kila siku. Kwenye karatasi yenu havimo.

Sasa "elaborate". Mjini hapa hakuna kitenzi kinachoteswa kama hiki. "Elaborate me", "elaborate more about", kila aina ya mateso. Kazi yake ni kuongeza nyama kwenye jambo ambalo tayari limetajwa, na mkia wake ni "on": "Could you elaborate on the second point?" Kama hujasema chochote, hakuna cha kuongezea, kwa hiyo huwezi kufungua mada kwa "let me elaborate". "More" nayo ya nini, wakati kuongeza kumo tayari? Bila "on" maana inahama: "elaborate a plan" ni kuusuka mpango hatua kwa hatua, si kuueleza. Na matamshi: kitenzi kinaishia "-eit" inayosikika, kivumishi kinaishia "-it" hafifu. "An elaborate wedding" ni harusi ya mbwembwe. Ukiitamka "-eit" hapo, msikilizaji anasubiri kitenzi kisichokuja.

"Clarify" wanaifanya pacha wa "elaborate", na hapo ndipo barua pepe nyingi zinapoharibikia. Nenda jikoni: "clarified butter" ni siagi iliyoyeyushwa moto mdogo, povu likaenguliwa, machicha yakaachwa chini, ndugu wa samli. Huongezi kitu, unatoa uchafu. Kitenzi ni hicho hicho. Mtu akikuandikia "please clarify clause 4", kuna kitu kimemchanganya na anataka kimoja kati ya maana mbili. Ukimrudishia kurasa tatu umemzidishia tope. Halafu hakina "on". "Clarify on this" futeni.

Hivyo vikubwa vina pahala pake, na pahala penyewe ni padogo. "Expound" ni ya mafundisho na nadharia: "expound a theory", au "expound on" ukitaka. Kumwambia karani "expound the charges" ni kumpandisha mimbari kwa sababu ya makato ya elfu tatu. "Elucidate" imebeba mwanga ndani yake, Kilatini "lucidus", inafaa kwenye maandishi ya kitaaluma, na kinachofuata ni jambo, si mtu. "Explicate" asili yake ni kukunjua, ni ya kuchambua shairi au kifungu mstari kwa mstari. "Expatiate" ndiyo balaa. Asili yake ni kutembeatembea, inataka "on" au "upon", na mara nyingi ina harufu ya lawama: fulani kaongea wee mpaka basi. Hiki ndicho mnachomshauri mtu aseme mbele ya waajiri!

Kwenye usaili huo huo kuna "jieleze". Msitafsiri "explain yourself". Hayo ni maneno ya bosi kwa aliyechelewa kazini, anadaiwa utetezi. Kinachotakiwa ni "tell us about yourself".

Ukidai mchanganuo wa bili, sema "break down the charges". Ukitumia "it", inakaa katikati: "break it down". Ukiiacha bila kitu cha kuchanganua, "break down" ni gari kuzima njiani, au mtu kuangua kilio. "Spell out" ni nzuri kwa mkataba wa pango, "the contract spells out who pays for water", ila "Do I have to spell it out?" ni kejeli, usimwandikie mteja.

Wanaofundisha kidato cha kwanza nao wana deni. Mtoto katoka msingi na "eleza" moja inayofanya kazi mbili. "Describe" inauliza kitu kikoje, "explain" inauliza kwa nini au kwa vipi. "Describe the life cycle of a mosquito": yai, kiluwiluwi, pupa, mbu. "Explain why malaria rises after the rains": hapo ndipo madimbwi yanaingia. Anayejibu la pili kwa hatua nne za mbu hajajibu, hata kama kila alichoandika ni kweli.

NYONGEZA: Mdau anauliza kuhusu "explain about". Ipo mkuu, hasa kwenye mazungumzo: "she explained about the delay". Zisizokubalika ni "discuss about" na "describe about".

NYONGEZA 2: Unayesema karatasi inatolewa bure kwa hiyo tusilalamike, isome tena. Kuna mahali imeandikwa "EXPLAINATION". Nomino haina ile "i" ya katikati: "explanation".