Tupeane uzoefu: waliowahi kupigania haki za wadada wanaojiuza Arusha na Moshi, mlianzia wapi?

Wadau habari za jioni. Wiki iliyopita nimetoka kumdhamini mdada mmoja kwa mara ya tatu mwaka huu, kosa lile lile, uzembe na uzururaji. Alikamatwa saa nne usiku Ngarenaro amesimama nje ya gesti anasubiri boda. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mwaka wa sita sasa.

Kinachoniuma ni hiki: tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hii hii iliyopo hapa Arusha, ilitoa ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, na nchi zinatakiwa zizifute au zizirekebishe. Walioomba ushauri ule ni Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, nao wako hapa hapa. Yaani neno limetoka mjini kwetu na wadada wa mjini kwetu bado wanapakiwa kwenye defenda kila wikiendi. Najua ushauri sio hukumu, haufungui mlango wa lokapu. Ila nani ameshautumia, kwa diwani, kituoni, popote? Semeni kilichokubali na kilichogoma.

Dada wa Unga Ltd
Mimi hii kazi nina miaka tisa, watoto wawili wako shule. Mwaka juzi mteja alinipiga na chupa hapa juu ya jicho, nikaenda kituo kimoja kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikashonwe. Askari wa kaunta akaniuliza ulikuwa wapi saa hizi, nikamwambia ukweli. Akaomba pochi, akamwaga vitu vyote juu ya kaunta akaanza kuhesabu kondomu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, na damu inanidondokea kwenye kitenge na watu kwenye benchi wanasikiliza. Kondomu zenyewe nilipewa bure na muelimisha rika wa mradi wa Ukimwi. Usiku ule nililala ndani mimi, yule mteja alilala kwake. Sasa mkiniuliza nataka nini kwenye sheria, sitaki makubwa, nataka nikipigwa niende kushtaki nisigeuzwe mshtakiwa.

Mwanzisha uzi
Pole sana dada yangu. Hii ya kaunta naomba niitumie kwenye maoni yetu, bila jina wala mtaa.

Dada wa Unga Ltd
Tumia. Na hiyo namba kumi na moja usiitoe.

Mama wa Pasua, Moshi
Mimi nitatofautiana nanyi kidogo wanangu. Binti wa marehemu mdogo wangu yuko kwenye hii kazi na mimi ndiye nalea mtoto wake, nayaona kwa macho. Sitaki akamatwe. Ila wanaume wanaonunua kwa nini waachwe? Nasikia Sweden tangu 1999 anayekamatwa ni mnunuzi, anayeuza hashikwi. Mbona hatuombi hilo?

Dada wa Unga Ltd
Mama shikamoo. Mimi nikisimama penye taa namwona mteja usoni, nasoma namba ya gari namtumia mwenzangu kwenye simu ndio napanda. Zikiwa siku za msako mteja anaogopa, hataki kusimama, anataka tukutane kule chini mtoni kusiko na taa. Ukimtisha yeye, anayeingia gizani ni mimi.

Mwanzisha uzi
Mama swali lako ni la haki kabisa, hata vikao vyetu hugawanyika hapo hapo. Mimi nimeegemea walikoenda New Zealand 2003 na Ubelgiji 2022, kazi ya mtu mzima kwa hiari yake itoke kwenye makosa ya jinai. Kulazimisha mtu au kuingiza mtoto kibaki kosa kubwa, hapo hakuna anayeomba paguswe.

Msaidizi wa kisheria, Moshi
Sisi 2023 wakati Tume ya Rais ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande inakusanya maoni ndio tulikaa kuandika. Kwanza tulimpelekea diwani wetu rasimu ya kurasa kumi na nne, juu kabisa tumeandika haki za wafanyakazi wa ngono, akaifunga hapo hapo akasema mnataka kanisani wanisomee jina.

Kilichotufungua macho ni Malawi. Kule mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha uzururaji, na aliyepeleka kesi alikuwa mchuuzi, Mayeso Gwanda, alikamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Tukasema kumbe! Kifungu chetu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kwa namba tulizozizoea, kinambeba dada poa leo, kesho kijana aliyelala stendi, keshokutwa machinga wa Mbuyuni. Tukarudi kwa diwani na machinga wawili, boda mmoja na wadada watatu, karatasi ukurasa mmoja, tunazungumzia faini na watoto wanaolala peke yao mama akiwa ndani. Alitusikiliza saa nzima. Hajaahidi kitu, ila ametupa nafasi kikao kijacho cha kata.

Mwanzisha uzi
Hiyo ya machinga naichukua kama ilivyo. Jumamosi tunakutana karibu na soko la Kilombero kuandika ya kwetu, mwenye ushahidi wa karatasi aje nao.

Dada wa Unga Ltd
Nitakuja na wenzangu wanne. Mmoja ametunza risiti zake zote za faini tangu 2021 kwenye kopo la maziwa ya unga, jana tumezimwaga kitandani tukazihesabu, ziko kumi na saba, miandiko tofauti tofauti na kosa ni lile lile.