Fables, League of Extraordinary Gentlemen au Kingdom Hearts: nichukue ipi?

Kalamu_Kavu
Wakuu, salaam. Nina uamuzi mdogo unaonisumbua kuliko inavyostahili. Nataka kununua kazi moja kati ya zile zinazokusanya wahusika wa hadithi tofauti na kuwaweka mahali pamoja. Nimechuja hadi zimebaki tatu: Fables, The League of Extraordinary Gentlemen na Kingdom Hearts. Mfuko unaruhusu moja tu. Mliozipitia, ipi inashika zaidi? Tafadhali majibu yawe na sababu, si mtu anatupa jina halafu anatoweka.

Bi_Nukta
Mbili ni vitabu vya katuni, ya tatu ni gemu. Unasoma au unacheza? Kama unacheza, una mashine gani? Ni yako mwenyewe au unampa mtu? Ana umri gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee_wa_Juzuu
Ramli ya nini wakati jibu lipo? League. Alan Moore na mchoraji Kevin O'Neill waliianza mwaka 1999. Tuko London ya 1898, na Mina Murray, yule yule wa Dracula, anakusanya kikosi: Kapteni Nemo, Allan Quatermain, Dk. Jekyll na Mtu Asiyeonekana. Uzuri wake ni kwamba Moore hakumpaka mtu mafuta. Quatermain tunamkuta amekwisha kwa kasumba. Nemo ni mwanamfalme wa Kihindi anayewachukia Waingereza, na hilo halikubuniwa: Jules Verne mwenyewe alilieleza kwenye The Mysterious Island, ila watu wengi wamelisahau wakabaki na mzee wa nyambizi asiye na kwao. Anayeongoza wanaume hao wote ni mwanamke aliyeachika, na anawaongoza kweli. Halafu ukitazama pembeni ya picha, kila anayepita njia ametoka kwenye kitabu cha mtu.

Filamu yake ya 2003 ikwepe. Walimnyang'anya Mina uongozi wakampa Quatermain, wakamfanya Mina mnyonya damu, wakamwongeza na Tom Sawyer. Sean Connery hakuigiza tena mbele ya kamera baada ya hapo, na simlaumu.

Fisi_Mstaarabu
Mzee, hiyo League inamtoza msomaji kodi. Kama hujasoma riwaya za karne ya 19, nusu ya utamu inakupita juu. Utasoma na kamusi mkono mmoja.

Fables (Bill Willingham, 2002) haina mlango wa namna hiyo. Wahusika wa ngano wamefukuzwa kwao na adui asiyejulikana, wanaishi kwa siri New York. Mbwa mwitu aliyekuwa akibomoa nyumba za nguruwe sasa ndiye polisi wao. Snow White anaendesha ofisi ya meya. Pinocchio ana hasira, maana aliomba awe mtoto wa kweli, akapewa, na karne zimepita bado ni mtoto.

Ila kilichonimaliza ni Prince Charming. Fikirini: mwana wa mfalme wa Snow White, wa Cinderella na wa yule mrembo aliyelala, wote hawana jina la maana, wote wana sura nzuri na hawana tabia yoyote. Willingham akawafanya mtu mmoja. Mtu mmoja, talaka tatu. Ghafla unaelewa kwa nini kila hadithi iliishia kwenye harusi na haikuthubutu kuendelea. Huko ndiko kuchanganya hadithi. Kuwapanga wahusika wapige picha ya pamoja kila mtu anaweza.

Sora_wa_Uswahilini
Mnazungumza kana kwamba gemu hazipo. Kingdom Hearts, 2002. Mvulana anaitwa Sora, anasafiri na Donald ambaye ni mchawi na Goofy mwenye ngao, wanamtafuta mfalme Mickey kupitia dunia za Disney, na njiani wanakutana na watu wa Final Fantasy, gemu nyingine. Mtu akikusimulia kwa mdomo utaona ni upuuzi. Ukicheza, utalia. Sina la kuongeza.

Mzee_wa_Juzuu
Utalia kwa kutoelewa.

Sora_wa_Uswahilini
Sikatai kwamba mpangilio ni shida. Kuna watu walimaliza ya kwanza wakarukia ya pili, wakajikuta saa nzima wanamchezesha kijana anaitwa Roxas wasiyemjua, kwa sababu katikati kuna gemu nyingine iliyotoka kwenye mashine ndogo ya mkononi. Lakini siku hizi zimekusanywa kwenye kifurushi kimoja cha PlayStation 4, na kwenye kompyuta pia zipo.

Bi_Nukta
Mleta mada bado hajajibu hata swali moja. Naandika tu kwa kumbukumbu.

Tumbo_la_Vitabu
Kabla hujagusa Fables, soma hapa mpaka mwisho, maana kilichonipata mimi hakikunipata kwa ujinga tu, kilichangiwa.

Nilinunua juzuu ya kwanza, ile nyembamba ya kawaida. Nikaipenda vibaya mno. Nikamwandikia muuzaji wa mtandaoni (simtaji) kwamba nataka ya pili. Akanihakikishia ni ya pili. Ikaja: jalada gumu, nene, nzuri ajabu, na mgongoni namba 2 imeandikwa. Nikasema leo nimependelewa.

Naanza kusoma, Snow White anauguza jeraha. Jeraha gani? Wahusika wanazungumzia uasi. Uasi upi? Huko shambani kumetokea nini, na Goldilocks amefanya nini hata watu watamke jina lake hivyo? Nikadhani ni mtindo wa mwandishi, kwamba anatuficha makusudi atufichulie mbele. Nikavumilia hadi ukurasa wa mwisho nikisubiri kufichuliwa. Wapi.

Kumbe zipo namna tatu za kuchapishwa. Juzuu nyembamba, hadi toleo la 150, ni 22. Zile za jalada gumu ni 15. Na kuna makubwa kama matofali, manne. Kila namna ina namba zake. Nyembamba ya kwanza ina matoleo (vile vijitabu vya kila mwezi) 1 hadi 5. Jalada gumu la kwanza lina 1 hadi 10. Kwa hiyo jalada gumu la pili linaanzia toleo la 11, na mimi nilikuwa nimeruka 6 hadi 10, ambayo ndiyo hadithi nzima ya Shambani, wanakofichwa wanyama na wote wasioweza kujifanya binadamu. Goldilocks anaongoza mapinduzi na kumpiga Snow White risasi ya kichwa. Nilijua nani kapona kabla sijajua nani kapigwa. Muuzaji nilipomrudia akajibu, "Uliomba namba mbili, nimekupa namba mbili." Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia.

Ukinunua, uliza MATOLEO ya ndani, usiulize namba ya mgongoni.

Fisi_Mstaarabu
Pole sana, lakini kosa si la hadithi.

Tumbo_la_Vitabu
Sijasema ni la hadithi. Nimesema asome mgongoni kwa tahadhari. Na aongeze hili: iliisha toleo la 150 mwaka 2015, kisha ikafufuliwa 2022. Anayenunua leo ajue anaanza safari ndefu, "moja tu" haipo hapo.

Kalamu_Kavu
Samahani wakuu, nilikuwa mbali na simu. Majibu: ni zawadi. Mpwa wangu anatimiza miaka 13. Anasoma vizuri, anapenda hadithi za kale na katuni. Nadhani hiyo inasaidia?

Bi_Nukta
Yaani hilo ndilo ulilisahau?

Mzee_wa_Juzuu
Naondoa pendekezo langu mara moja. League usimpe. Mna ukatili na mambo ya chumbani, mengine ya kuudhi hata kwa mtu mzima. Mjomba usije ukaitwa kwenye kikao cha familia.

Fisi_Mstaarabu
Na Fables ilitoka chini ya chapa ya Vertigo, ambayo ilikuwa ya watu wazima. Si chafu kama ya Mzee, ila risasi ya kichwa mmeshasimuliwa. Nami narudi nyuma, shingo upande.

Sora_wa_Uswahilini
Mnaona sasa? Tuliodharauliwa. Kingdom Hearts, 13 ndio umri wenyewe. Mpwa ana mashine gani?

Kalamu_Kavu
Switch.

Sora_wa_Uswahilini
Hapo napo. Kwenye Switch zipo tangu 2022, lakini huziweki ndani ya mashine. Unacheza kwa kupitia intaneti muda wote. Intaneti ikiyumba, Sora naye anayumba. Sishauri.

Kwa Switch mpe Super Smash Bros. Ultimate, 2018. Mario, Pikachu, Sonic, Pac-Man, wote ulingoni. Na mhusika wa mwisho kuongezwa, Oktoba 2021, ni Sora mwenyewe. Kwa hiyo bado nimeshinda.

Bi_Nukta
Huo ni ulingo, hadithi iko wapi? Mtoto anapenda kusoma, ameshasema. Mtafutieni The Sisters Grimm ya Michael Buckley. Wasichana wawili, Sabrina na Daphne, wanagundua wao ni kizazi cha wale ndugu Grimm, na mji mzima wanakohamia umejaa wahusika wa ngano wasioruhusiwa kutoka. Vitabu tisa, vilianza 2005. Ndani yake yumo Puck wa Shakespeare, mtukutu kupita kiasi. Wazo linakaribiana na la Fables bila damu ile. Na mchawi aliyewafungia humo wametumia Baba Yaga, si yule yule wa kila siku.

Kalamu_Kavu
Hii ya Bi Nukta imenigusa. Ila nikiri, Fables nilikuwa nimepanga niisome mimi kwanza kabla ya kumkabidhi.

Tumbo_la_Vitabu
Tulijua.

Fisi_Mstaarabu
Sasa mnunulie mtoto ya kwake na wewe ya kwako. Matatizo mengine tunajitakia.

Mwanasheria_Mchovu
Nimeingia kuchelewa. Hakuna aliyegusa jambo la msingi: nani ana ruhusa ya kuchanganya. League iliwezekana kwa sababu wahusika wengi ni wa zamani, hakimiliki zimekwisha. Pale zilipokuwa hazijaisha, Moore alizunguka: adui mmoja mkubwa wa juzuu ya kwanza anaitwa "Daktari" tu, ingawa kila mtu anamjua ni Fu Manchu, yule mhalifu wa riwaya. Kwenye filamu ikawa hivyo hivyo kwa Mtu Asiyeonekana, wakabuni mwingine mwenye jina tofauti.

Na si jambo jipya. Mwaka 1906 Maurice Leblanc alimkutanisha mwizi wake Arsène Lupin na Sherlock Holmes. Conan Doyle akalalamika. Leblanc akahamisha herufi, akapata Herlock Sholmès, akaendelea na kazi yake kama hakuna kilichotokea.

Mzee_wa_Juzuu
Na huyo Sholmès akamfanya anaaibishwa na Lupin. Kisasi cha kistaarabu.

Mwanasheria_Mchovu
Holmes Marekani amekuwa huru kabisa tangu 1 Januari 2023. Mwaka huo huo Willingham akatangaza kwamba Fables anaiachia umma, DC, wachapishaji wake, wakasema haki ni zao na tangazo hilo halina nguvu. Kwa hiyo wahusika wasio na mwenyewe walikusanywa, wakapata mwenyewe, kisha wenyewe wakagombana.

Sora_wa_Uswahilini
Disney na Warner mbona walikaa meza moja? Who Framed Roger Rabbit, 1988, Mickey na Bugs Bunny wako pamoja, na makubaliano yalikuwa hakuna anayemzidi mwenzake muda. Donald na Daffy wanapigana kwa piano.

Bi_Nukta
Ndiyo maana onyesho lao ni fupi. Ukipima kwa sekunde, hakuna hadithi, kuna itifaki.

Pwani_Kusi
Mnahangaika na Wazungu wakati Alfu Lela Ulela ilishafanya haya zamani.

Fisi_Mstaarabu
Haikufanya. Sindbad hakutani na Aladdin popote mle. Ile ni ghala la hadithi, wahusika kila mmoja na chumba chake. Na Aladdin hata hakuwemo kwenye miswada ya Kiarabu, Galland aliipata kwa msimulizi wa Aleppo, Hanna Diyab, akaitia kwenye tafsiri yake ya Kifaransa.

Pwani_Kusi
Harun al-Rashid je? Anapita hadithi ngapi? Na Abunuwasi, mshairi wa kweli wa Baghdad, kaingizwa humo, kisha huku kwetu tukambebesha kila hila iliyokosa mwenyewe. Mtu mmoja kakusanya visa vya watu kumi. Huyo ni Prince Charming wako wa talaka tatu, ila katangulia.

Fisi_Mstaarabu
Hapo umenibana kidogo. Kidogo.

Mzee_wa_Juzuu
Kama tunatafuta wa kwanza, ni merikebu ya Argo ya ngano za Kigiriki. Jason, Orpheus, Castor na Pollux, na Heracles, kila mmoja ana hadithi zake kwingine, wote kwenye chombo kimoja. Apollonius wa Rhodes aliiandika karne ya tatu kabla ya Kristo. Na tatizo lake ni lile lile la leo: Heracles ana nguvu kupita wote. Akiwepo, safari haina hatari. Apollonius akafanyaje? Kitabu cha kwanza hakijaisha, Heracles anaachwa pwani akimtafuta mtumishi wake kijana, Hylas.

Sora_wa_Uswahilini
Ndiyo ile katuni ya Superman na Spider-Man ya 1976. Kwa kawaida pambano ni ngumi moja limekwisha. Ikabidi Luthor, adui wa Superman, ampige Spider-Man mwanga wa jua jekundu ili aweze kumsukuma Superman hata kurasa mbili tatu.

Mwanasheria_Mchovu
Na 1996 Marvel na DC wakaona bora wasomaji wapige kura nani ashinde. Mapambano matano yaliamuliwa hivyo.

Sora_wa_Uswahilini
Wolverine kumshinda Lobo. Hadi leo sijaikubali hiyo kura.

Mwanasheria_Mchovu
Na hata pambano lenyewe hawakulionyesha, walikwenda nyuma ya kaunta ya baa, akatoka Wolverine.

Kalamu_Kavu
Wakuu, jambo moja dogo nililolisahau: mpwa wangu ana pacha wake, na yeye hapendi kusoma kabisa. Nimpe nini huyo?

Bi_Nukta
Naenda kulala.