Tupeane uzoefu: ujauzito ulipofika nusu, mlikutana na nini?

Mwanzisha mada, Nyakato

Habari zenu, wana-Mwanza na wote mnaoishi kandokando ya Ziwa. Huu ni ujauzito wangu wa kwanza, na Jumatatu iliyopita nesi wa kliniki aliniambia kwamba nimetimiza wiki 20, yaani nusu ya zile wiki 40 zinazohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nilishangaa, kwa sababu kwa hesabu yangu, niliyoianza siku nilipokosa hedhi, ndiyo kwanza nilikuwa nakaribia miezi minne. Alinipapasa tumbo, akanionyesha kwamba kizazi kimefika usawa wa kitovu, akasema hiyo ndiyo alama ya wiki hizo.

Kila ninayemuuliza ananijibu kwamba huu ndio wakati wa raha, kwa kuwa kichefuchefu kimekwisha na tumbo halijawa zito. Mimi raha hiyo siioni yote. Nina kiungulia kila usiku, kinena kinavuta ninapogeuka kitandani, na linaloninyima usingizi zaidi ni kwamba sijamsikia mtoto akicheza hata mara moja. Mama yangu mzazi yuko Geita, na mambo ya namna hii hatukuzoea kuyazungumza kwa simu. Naomba mlionitangulia mnieleze yaliyowapata.

Mama wa watatu, Igoma

Hongera na pole, mdogo wangu. Mtoto wangu wa kwanza nilimsikia wiki ya 21, na hata nilipomsikia sikujua kwamba ni yeye. Ilikuwa kama samaki mdogo anavyokugusa mguu unapochota maji ziwani, kisha anakimbia. Wa pili nilimtambua wiki ya 16 tu, kwa kuwa mguso ule nilikuwa ninaufahamu tayari. Wa tatu ndiye aliyenitia hofu, maana wiki ya 22 ilifika tumbo likiwa kimya kabisa. Nilipopigwa altrasaundi, ilionekana kwamba kondo la nyuma limejishikiza upande wa mbele, likawa kama mto kati ya mtoto na ngozi ya tumbo langu, na mateke yake yalikuwa yakiishia hapo. Sasa yuko chekechea.

Katika wiki uliyonayo mtoto ana takriban gramu 300, na urefu wake kutoka kichwani hadi kisiginoni ni kama sentimeta 25, kwa hiyo usitarajie mateke ya kukuamsha usingizini. Ila ukifika wiki ya 24 hujasikia kitu, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, nenda. Na ukishamzoea akicheza, siku utakayoona amepunguza, nenda siku hiyohiyo.

Kuhusu kinena, zile ni kano zinazoshikilia kizazi, ambazo huvutika kadiri kizazi kinavyokua. Wakati wa mimba ya kwanza nilikuwa nimepanga Bugarika, juu kabisa kwenye mawe, na kila nilipopanda na ndoo ya maji nilisimama mara tatu nikijishika ubavuni. Mume wangu alipoona hivyo akaanza kuchota yeye. Lakini maumivu yanayokuja na kuachia kwa mpangilio, au yanayoambatana na damu au maji, hayo si ya kano na hayavumiliwi nyumbani.

Mkazi wa Nansio, Ukerewe

Mimi nilivuka kwenda mjini kwa ajili ya altrasaundi ya wiki ya 20. Kipimo hicho hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22 kwa sababu viungo vya mtoto vinakuwa vimekwisha kuumbika na vinaonekana: uti wa mgongo, vyumba vya moyo, figo, ubongo. Aliyenipima, katika kituo ambacho sitakitaja, aliandika kwamba kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi, akanikabidhi karatasi na kumwita mwingine. Hakusema neno jingine. Nilipanda meli ya kurudi nikiamini kwamba nitamwaga damu kabla hatujatia nanga, na saa tatu zile majini nilizimaliza nikiwa nimekaa wima, karatasi mkononi.

Wiki iliyofuata mkunga wa kwetu ndiye aliyenifafanulia jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika moja. Katika nusu ya ujauzito wanawake wengi huonekana kondo likiwa chini, na kwa walio wengi hupanda lenyewe kwa kuwa sehemu ya chini ya kizazi hurefuka na kuliondoa mlangoni. Aliniagiza nirudie kipimo wiki ya 32, nisikutane na mume wangu kimwili hadi wakati huo, na nikiona damu hata kidogo nivuke mara moja. Wiki ya 32 lilikuwa limepanda, nikajifungua kwa njia ya kawaida. Nakuomba, dada, ukipimwa usiinuke kitandani kabla hujauliza vitu viwili: kondo liko wapi, na je, kuna kipimo cha kurudia?

Baba mtarajiwa, Kirumba

Nauza dagaa pale Mwaloni, na mke wangu ana wiki 23. Nilimsindikiza kliniki nikidhani nitakaa nje, lakini nilikaribishwa ndani. Damu yake ilikuwa gramu 9 tu, yaani pungufu, na nesi alipomuuliza kama anakula udongo, alinyamaza. Mimi nilijua, maana vile vijiti nilikuwa nikimnunulia mwenyewe sokoni, nikidhani ninambembeleza. Tulielezwa kwamba udongo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Sasa anameza vidonge vya kuongeza damu kila siku, pamoja na chungwa, bila kuvichanganya na chai, na dagaa nawaleta nyumbani kabla ya kuwapeleka sokoni.

Mkunga mstaafu, Magu

Binti yangu, nimesoma yote. Katika miaka yangu ya kazi, wengi walinijia kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitano, kwa sababu nyumbani waliambiwa mimba haitangazwi mapema, wenye husuda wasije wakaiharibu. Walipofika walikuwa wamekwisha kukosa dozi za SP, dawa ya kukinga malaria, ambazo huanza wiki ya 13 na hutolewa kila mwezi, vidonge vitatu kwa pamoja mbele ya mhudumu, ili malaria isijifiche kwenye kondo na kumdhoofisha mtoto. Angalia kadi yako. Kama umemeza mara moja tu na mwezi umepita, omba nyingine, isipokuwa kama unatumia kotrimoksazoli, yaani Septrin. Chandarua kiendelee hata wakati wa joto.

Pili, kuanzia wiki ya 20 ndipo kifafa cha mimba huanza kunyemelea. Usikubali kuondoka kliniki bila kupimwa presha, na ikifika 140 kwa 90, usirudi nyumbani kabla hujaelezwa hatua inayofuata. Kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu: hizo si kawaida ya mimba, hata jirani akikwambia yeye alivimba na akajifungua salama.

Na kama unachota maji au kufua ziwani, sema. Kichocho ni chetu sisi wa huku, na dawa yake inaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Mwanzisha mada, Nyakato

Nawashukuru sana, na shikamoo mama wa Magu. Nimepimwa jana. Presha yangu ni 110 kwa 70, na nimemeza SP ya pili. Niliuliza maswali yote mawili ya dada wa Ukerewe: kondo liko mbele, juu, na kipimo hakihitaji kurudiwa. Mtoto bado sijamsikia, lakini nimeuona moyo wake ukidunda.

Jioni nilimpigia mama. Nilimuuliza moja kwa moja, na hakukwepa. Aliniambia kwamba mimi alinisikia kwa mara ya kwanza akiwa anapalilia pamba, akaweka jembe chini, akakaa kwenye tuta hadi jua likazama, akingoja nirudie.