Mashine ya kukoboa imenikata vidole, bosi kanipa hela ya dawa. Nifanyeje wakuu?

Mzee wa Pumba: Habari za jioni wakuu, niko Buhongwa hapa Mwanza. Mwaka wa nne nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mkataba sina, nalipwa kwa gunia kila jumamosi. Mwezi wa sita msimu umechachamaa, magunia yamepanga foleni mpaka barabarani, mkanda ukawa unaruka kwenye puli nikaingiza mkono kuurudisha ukanivuta. Vidole viwili vya kulia vimebaki vipisi na cha kati hakikunji. Bosi alilipa hospitali akanipa na hela kidogo ya matumizi. Sasa huu ni mwezi wa tatu niko nyumbani na mashineni kuna kijana mwingine. Nasikia kuna fidia, je sisi tusio na mkataba inatuhusu? Naomba ushauri sio matusi.

Kirumba Boy: Pole mkuu. Uliingiza mkono mashine inazunguka?

Mzee wa Pumba: Ndio. Bosi hataki izimwe zimwe, anasema kuwasha upya kunakula luku. Na kava la mkanda lilishatolewa tangu mwaka juzi, lilikuwa linatuchelewesha.

Mama Sato: Yani luku imekula vidole jamani. Mjomba wangu alikuwa anapasua mbao Sengerema, msumeno ukamwachia vidole saba, sisi watoto tulikuwa tunamwambia mjomba tuhesabie mpaka kumi halafu tunacheka. Na yeye alikuwa anacheka. Leo nikikumbuka nasikia aibu mpaka basi.

Mtu wa Fomu: Inakuhusu. Kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na mfuko wake ndio WCF, anayechangia ni mwajiri peke yake wewe hukatwi hata mia. Kukosa karatasi ya mkataba hakukuondolei ufanyakazi, tafuta ushahidi, miamala ya simu, wenzako wa mashineni, daftari la magunia. Mwajiri alitakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, dai lenyewe lina miezi 12 toka ajali. Ulemavu unapimwa kwa asilimia, 30 kushuka unalipwa kwa mkupuo, ikizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Na huo muda uliolala nyumbani una malipo yake, asilimia 70 ya kipato. Sasa hiyo hela kidogo ni shingapi, na ulisaini nini?

Kirumba Boy: Mtoa mada mbona kimya, jibu hapo.

Mzee wa Pumba: Laki nne na nusu. Kuna karatasi niliweka dole gumba la kushoto mbele ya mwenyekiti wa mtaa, inasema tumemalizana sitadai tena. Msinishambulie, kodi ilikuwa inadaiwa miezi mitatu, ungekuwa wewe ungekataa? Halafu bosi sio mtu mbaya.

Ng'wana Magu: Hela umekula, dole umeweka, leo unataka tena. Hakuna atakayekupa kazi mjini hapa.

Mtu wa Fomu: Hayo mlimalizana nyie wawili, mfuko haukuwepo kwa mwenyekiti. Nenda nayo hiyo karatasi, usiifiche.

Jicho la Mwewe: Chai hii. Mtu hana vidole vya kulia anashusha aya kama karani, nukta zote mahali pake, anajibu ndani ya dakika mbili. Jina lenyewe Pumba. Mods pelekeni jukwaa la hadithi.

Kirumba Boy: 😂😂 aisee sikuliwaza hilo

Mzee wa Pumba: Anayechapa ni mimi mke wake, yeye anasema mimi naandika. Nimeandika yote isipokuwa moja, bosi ni kaka yangu tumbo moja. Mume wangu alitaka niliweke tangu mwanzo nikamwambia hilo haliwahusu.

Mama Sato: Ndio maana "bosi sio mtu mbaya" 🤣

Ng'wana Magu: Kumbe ya ukoo. Kaeni kikao, shemeji hashtakiwi.

Jicho la Mwewe: Sasa chai imekolea iliki.

Mtu wa Fomu: Dada, anayelipa fidia ni mfuko. Kama kaka yako hajajisajili hiyo ni kesi yake na wao. Ila kabla ya yote kava lirudishwe, huyo kijana mwingine naye ana vidole.

Mzee wa Pumba: Huyo kijana ni mdogo wetu wa mwisho. Nimempigia sasa hivi kumuuliza kava, anasema liko nyuma ya stoo kuku wanatagia. Daftari la magunia ninalo mimi, ndio nilikuwa naandika. Jumatatu nikienda niende nalo lenyewe au kopi?

Mtu wa Fomu: Vyote viwili. Lenyewe usiliachie.