Kwa nini kuhangaikia nyota changa za galaksi jirani wakati Jabari iko karibu?

mwalimu_masasi:
Nafundisha fizikia huku Masasi. Januari, mawingu yakifunguka usiku, hutoka uani kuitafuta nyota ya Suheli, kisha nashusha macho kusini, kulia kidogo, kama ngumi mbili za mkono ulionyooshwa. Pale pana kiwingu hafifu kisichopeperushwa na upepo: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu. Juzi niliwaonyesha wanafunzi. Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: ikiwa Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi, nayo inazaa nyota, tena iko miaka ya nuru 1,300 hivi, kwa nini wataalamu waende kusoma za kule, miaka ya nuru 160,000? Sikuwa na jibu, na swali lake halinitoki kichwani.

pwani_ya_usiku:
Shikamoo mwalimu. Ukiwa katikati ya Kariakoo huioni Dar. Panda pantoni, vuka Kigamboni, geuka: mji wote uko mbele yako. Sisi tumo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, na vumbi lake linatuziba. Nyota mbili zinazoonekana zimepakana huenda zimeachana maelfu ya miaka ya nuru. Za kule zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, nao ulipimwa mwaka 2019 kwa usahihi wa asilimia 1. Umbali ukiujua, mng'ao unakupa nguvu halisi ya nyota. Ukijua na joto lake, unakadiria masi na umri.

Tena Jabari haina nyota majitu kama za R136, kundi la nyota lililo ndani ya Nebula ya Tarantula, huko huko Wingu Kubwa. Kabla ya 1985 wapo waliodhani kiini cha R136 ni nyota moja yenye masi zaidi ya 1,000 ya Jua! Vipimo makini vikaitenganisha. Nyota za namna hiyo huishi miaka milioni chache tu, basi usipozikuta changa hutazikuta.

hesabu_za_anga:
Msisahau elementi nzito, yaani zote zinazozidi hidrojeni na heli kwa uzito. Wingu Kubwa lina takriban nusu ya kiwango cha Jua, Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani nyingine, moja ya tano. Galaksi za kale zilikuwa na uhaba kama huo, ila ziko mbali mno kuona nyota mojamoja. Kule tunaziona.

mwalimu_masasi:
Marahaba, na asanteni sana. Hiyo ya pantoni ataielewa, ana shangazi Kigamboni. Wingu Dogo ndilo lile la kulia zaidi, chini, saa tatu usiku?

pwani_ya_usiku:
Ndilo.